Mathenge, Mgeni Aliyemfukuza Mwenyeji

Msafiri atokaye bara kwa basi na kuingia kisiwa cha Mombasa, aghalabu mguu wake hukanyaga kwanza ardhi ya Mwembe Tayari. Ni mahali pasipolala. Alfajiri, mabasi ya Nairobi huwa yamekwisha kuwasili, na abiria hushuka wakijinyosha miguu iliyokufa ganzi. Na usiku ukiingia, mabasi mengine huwasha taa tayari kwa safari ya kurudi. Makarani wa tikiti hupaza sauti wakitaja miji: Malindi, Garsen, Lamu, Hola, Garissa. Mahamali hupita na mikokoteni yao wakiomba njia. Sokoni mna nazi, ndimu, mchicha, maembe, viungo vya pilau, na dawa za mitishamba zilizotandazwa juu ya magunia.

Wenyeji husimulia kwamba jina la mahali hapa latokana na misafara ya zamani. Kabla reli haijaanza kujengwa mwaka 1896, wapagazi waliokuwa wakielekea bara walikusanyika chini ya mwembe, wakagawiwa mizigo, wakafunga kamba, na walipokuwa tayari msafara ukaondoka. Misafara ile imekwisha zamani, lakini kazi ya mahali haikubadilika. Hata leo Mwembe Tayari ni mahali pa kufunga mizigo na kuagana.

Jambo moja katika jina hilo wapitao hawalifikiri. Mwembe wenyewe si mti wa Mombasa. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani, nao uliletwa na watu wa bahari. Na mwembe si peke yake. Mtu akizunguka soko lile na kuuliza kila bidhaa ilikozaliwa, atastaajabu: mahindi, mihogo, mapapai, mananasi na korosho vyote asili yake ni Marekani ya Kati na ya Kusini, ng'ambo ya bahari mbili. Vilikuja pwani hii katika majahazi na merikebu, vikapokewa, vikapikwa, vikapewa majina ya Kiswahili. Hapana mtu leo amwonaye muuza mihogo akamwambia kwamba anauza kitu cha kigeni.

Kwa hiyo, kuwa mgeni si kosa la mti. Watu wa pwani husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na miti hiyo ilikuja, na wenyeji wakapona kwayo. Lakini waliosema hivyo walisema pia kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake, mgeni hupimwa kwa mwenendo wake baada ya kupokewa. Katika muda wa miaka hamsini iliyopita, pwani ya Kenya na nchi kavu iliyo nyuma yake zimempokea mgeni mmoja aliyekuja na sifa nyingi kuliko mwembe na mhogo, kisha akawafukuza wenyeji katika makao yao. Mti huo kwa Kilatini huitwa Prosopis juliflora. Katika Kenya watu wengi huuita mathenge. Wasomali huuita garanwaa, yaani kitu kisichojulikana.

BAMBURI, MWAKA 1973

Anayetaka kujua chanzo cha habari hii hana haja ya kwenda mbali na Mwembe Tayari. Basi la Malindi huondoka kisiwani kwa daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980, hupita Kongowea penye soko kubwa, na baada ya kilomita chache hufika Bamburi. Hapo kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954. Saruji hutengenezwa kwa mawe ya matumbawe, na mawe hayo yalichimbwa papo hapo. Miaka ilivyopita, timbo likapanuka mpaka likawa kama uwanja mkubwa wa mawe matupu, usio na udongo wala kivuli, wenye maji ya chumvi chini yake na jua kali juu yake.

Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kazi ya kulirudishia timbo hilo uhai. Alijaribu miti ya aina 26. Iliyosalimika ni aina tatu tu, na iliyoshinda zote ni mvinje, mti ujulikanao sana na watu wa pwani. Majani ya mvinje yalipoanguka hayakuoza upesi. Lakini ilionekana kwamba jongoo huyala na kuyageuza kuwa mbolea. Jongoo waliletwa kwa wingi, udongo ukaanza kujitengeneza, nyasi zikaota, ndege wakaja. Leo mahali pale ni bustani ya miti na wanyama inayotembelewa na wageni wengi, nayo huitwa Haller Park.

Katika majaribio hayo ya kutafuta miti ivumiliayo mawe na jua, mwaka 1973 mbegu za mathenge zililetwa Bamburi kutoka Brazil na Hawaii. Huko ndiko kuingia kwake Kenya kwa mara ya kwanza kulikoandikwa. Waliouleta walikuwa na nia njema, na shida waliyotaka kuiondoa ilikuwa shida ya kweli. Hilo yafaa likumbukwe na kila asomaye habari hizi.

SIFA ZA MGENI

Miaka ile ya 1970 ilikuwa miaka ya ukame mkubwa katika nchi nyingi za Afrika. Mifugo ilikufa, jangwa likasogea, na watu walihofu kwamba kuni zitakwisha kabla ya chakula. Wataalamu wa dunia wakawa wanatafuta mti utakaoota pasipo mvua. Mathenge ulionekana kuwa ndio jibu.

Na kweli, mtu akiutazama kwa mara ya kwanza hawezi kuukataa. Ni kichaka au mti mdogo uliojaa miiba, nao hukaa na majani mabichi hata wakati wa kiangazi, miti mingine ilipokauka. Maua yake ni ya manjano, membamba na marefu kama kidole, na nyuki huyapenda. Mti wake ni mgumu, nao hutoa kuni nzuri na makaa mazito. Maganda yake ni matamu kwa sababu yana sukari, na mbuzi huyakimbilia. Mizizi yake hushuka chini sana kutafuta maji. Katika machimbo ya madini ya Arizona, Marekani, mzizi wa mti wa jamaa hii ulikutwa mita 53 chini ya ardhi.

Basi mti ukasafiri. Katika mwaka 1982 mpango wa kupanda miti ya kuni ulianza katika nchi ya Baringo, pande za Marigat na Ng'ambo, ukisaidiwa na wafadhili wa nje. Katika miaka hiyohiyo ya 1980, mathenge ulipandwa kando ya Mto Tana, huko Bura na Hola, penye mashamba ya umwagiliaji. Wafugaji na wakulima waliambiwa kwamba kuni, kivuli na chakula cha mifugo vimefika. Nao wakashukuru, kwa kuwa vilifika kweli.

KANDO YA MTO TANA

Njia ya kwenda kuyaona makao mapya ya mgeni huyu ni ileile inayotangazwa na makarani wa Mwembe Tayari. Basi hupita Mtwapa, Kilifi, Gede na Malindi, huvuka mto Sabaki, hupita mashamba ya chumvi ya Gongoni, kisha huingia katika nchi tambarare ya Tana. Minazi hubaki nyuma. Mbele huonekana mikoma, migunga, na makundi ya ng'ombe yakiinua vumbi.

Tana ni mto mrefu kuliko yote ya Kenya, urefu wake yapata kilomita 1,000. Hutoka katika milima ya Nyandarua na Kirinyaga, huzunguka nchi kavu, kisha huingia baharini upande wa Kipini. Kando zake wanaishi Wapokomo ambao ni wakulima, na Waorma na Wawardei ambao ni wafugaji. Maisha yao yote hufuata mafuriko. Mto ukifurika huacha tope, na tope huotesha mpunga, mahindi na migomba. Maji yakirudi, huacha majani ya malisho. Na wakati wa kiangazi, ambapo nchi ya mbali na mto imekauka, wafugaji huleta ng'ombe katika malisho hayo ya bondeni. Kando ya mto ule ipo misitu membamba ya mikuyu, mikindu na miti mingine, wanamoishi kima wa aina mbili wasiopatikana mahali pengine po pote duniani.

Mpango wa umwagiliaji wa Bura ulianza kwa matumaini makubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakulima kutoka sehemu mbalimbali za Kenya walipewa nyumba na mashamba ya pamba. Lakini maelfu ya watu huhitaji kuni, na ilionekana wazi kwamba misitu ile membamba ya mtoni haitadumu wakiachwa waikate. Kwa hiyo kulipandwa miti ya kuni kwa msaada wa nchi ya Ufini, na miongoni mwa miti hiyo mathenge ulistahimili hata pale ambapo maji ya mfereji yalikosekana. Nia, kwa mara nyingine, ilikuwa njema: mti wa kigeni upandwe ili miti ya mwenyeji iokoke.

Kisha kilimo kikadidimia. Pampu ziliharibika, maji yakawa haba, mashamba mengi yakaachwa. Watu walipoacha kulima, mathenge haukuacha kuota. Uliingia mashambani, ukafuata kingo za mifereji, ukatoka nje ya mipaka, ukashuka na mto.

JINSI UNAVYOTEKA NCHI

Hapa ndipo tofauti ya mathenge na mwembe inapoonekana. Kokwa la embe ni zito. Huanguka chini ya mti wake, au mtu hulitupa njiani baada ya kula. Likichipua mahali pasipotakiwa, mtoto mdogo aweza kuling'oa. Mwembe hauendi asikoupeleka mtu. Mathenge hauhitaji mtu. Ganda moja lina mbegu kati ya 10 na 30, ndogo na ngumu. Mbuzi, ng'ombe au ngamia akila ganda, utamu hubaki tumboni mwake, lakini mbegu nyingi hupita salama na kutoka katika samadi, zimekwisha lainishwa na kuwekewa mbolea. Mfugaji akihamisha kundi lake kilomita ishirini, amepanda mathenge kilomita ishirini bila kujua. Mafuriko nayo huchukua maganda na kuyaeneza bondeni kote. Na mbegu isiyoota mwaka huu yaweza kungoja ardhini miaka mingi.

Mti ukikatwa haufi. Kisiki huchipua, na palipokuwa na shina moja huwa na mashina matano au zaidi, yaliyosongamana na kushikana kwa miiba. Chini ya vichaka hivyo jua halifiki, na nyasi hupotea, ikabaki ardhi tupu. Miche ya mgunga, mti ambao kwa vizazi vingi umewapa wafugaji maganda, kivuli na nguzo za boma, haipati nafasi ya kukua. Nyasi zikitoweka, wanyama wa nyasi nao huondoka. Huo ndio msiba wa nchi iliyovamiwa: kwa mbali huonekana ya kijani na kupendeza, lakini aliyezaliwa hapo akiingia ndani hakuti nyasi, hakuti dawa aliyoijua babu yake, wala hakuti njia ya kupita.

Njia ni shida kubwa. Wafugaji walikuwa na mapito yao ya kufikisha ng'ombe mtoni. Vichaka vya mathenge huziba mapito hayo, na mfugaji aliyezibiwa njia moja hutafuta nyingine, pengine katikati ya shamba la mtu. Kila asomaye magazeti anajua kwamba nchi ya Tana imewahi kumwaga damu kwa ugomvi wa malisho na mashamba, na kwamba mwaka 2012 na 2013 watu wengi waliuawa. Si haki kusema kwamba mti ndio uliowapiganisha. Sababu za ugomvi ule ni nyingi. Lakini malisho yanapopungua na njia zinapozibwa, amani nayo huwa nyembamba.

Kwa mifugo wenyewe, utamu ule umegeuka kuwa sumu ya polepole. Mbuzi anayekula maganda mengi kwa muda mrefu, sukari hukaa katika fizi na meno yake, meno huoza na kung'oka, na mnyama hufa njaa ilhali chakula kiko mbele yake. Miiba nayo huchoma kwato na miguu ya watu, na kidonda chake huumiza sana. Hata mbu hufaidika, kwa kuwa hunyonya utamu wa maua. Nchini Mali wataalamu walikata matawi yenye maua ya mti huu katika vijiji kadhaa, na katika taarifa waliyoitoa mwaka 2017 walieleza kwamba mbu waenezao malaria walipungua katika vijiji hivyo.

MBUZI MBELE YA MAJAJI

Watu waliokuwa wa kwanza kupaza sauti mbele ya sheria ni wa Ng'ambo, karibu na Ziwa Baringo. Mwaka 2006 walipeleka malalamiko yao katika Mahakama Kuu, Nairobi, wakiishtaki Serikali kwamba mti uliopandwa katika nchi yao umewaharibia maisha. Walileta ushahidi uliosemwa katika kila mkahawa wa Kenya: mbuzi asiye na meno. Wako waliocheka waliposoma habari hiyo. Lakini mfugaji aliyemfikisha mnyama wake mpaka mjini hakuwa akicheka. Kwake mbuzi ni akiba ya benki, karo ya mtoto, na maziwa ya jioni; na hakuwa na hati nyingine ya kuwaonyesha majaji isipokuwa kinywa kitupu cha mnyama yule.

Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliutangaza mathenge kuwa gugu baya kwa mujibu wa sheria. Ulikuwa umepita muda wa miaka 35 tangu mbegu zilipofika Bamburi, na miaka 26 tangu ulipoanza kupandwa Baringo.

Hasara ya kuchelewa imepimwa. Wataalamu waliolinganisha picha za satelaiti za nchi ya Baringo waliona kwamba mwaka 1988 mathenge ulikuwa umefunika hekta 882. Kufikia mwaka 2016 ulifunika hekta 18,792, yaani zaidi ya mara 21. Katika muda huohuo nyanda za nyasi katika eneo lililopimwa zilipungua kwa asilimia 86. Karani ajuaye hesabu za vitabu ataelewa mara moja: kama ni deni, hilo ni deni lililoachwa likazaa riba kwa miaka 28.

Wala Kenya si peke yake. Sudan iliupokea mti huu mwaka 1917 huko Khartoum, na baadaye ukapandwa Kassala ili kuzuia mchanga. Mwaka 1995 serikali ya nchi hiyo ilitoa amri mti ung'olewe, kwa sababu ulikuwa umeingia katika mashamba na mifereji. Kwa maneno mengine, wakati Bamburi walipokuwa wakifungua mifuko ya mbegu mwaka 1973, nchi ya jirani ilikuwa imekwisha kuishi na mti huo zaidi ya nusu karne. Aliyetaka kuuliza habari za tabia yake angeweza kuuliza.

FAIDA ILIYOBAKI

Mtu mwenye haki hatasema kwamba mathenge hauna faida hata moja. Makaa yake ni mazuri. Nguzo zake hufaa kwa boma. Maganda yakisagwa huwa chakula cha mifugo chenye nguvu, na asali ya maua yake ni tamu. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya imefundisha watu wa sehemu zilizovamiwa namna ya kuutumia mti huu, kwa hoja kwamba kilichoshindikana kung'olewa chote yafaa kipunguzwe kwa kutumiwa.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini yahitaji uangalifu wa namna tatu. Kwanza, mchoma makaa akikata shina na kuacha kisiki, amepogoa mti, hakuuondoa. Mwaka ujao vichaka vitakuwa vinene zaidi. Pili, gunia la makaa likifika sokoni halisemi limetoka katika mti gani. Mtu mwovu aweza kukata mgunga uliobaki na kuuza makaa yake kwa jina la mathenge, na hapo mwenyeji atakuwa amepigwa mara mbili. Tatu, watu wakizoea kupata fedha kwa mti, huanza kuulinda. Mathenge wa kuuza yafaa uwe ule uliokwisha kuteka nchi. Usipandwe mwingine kwa ajili ya biashara.

Kisiwani Mombasa somo hili linaonekana pia katika ndege. Kunguru wenye shingo ya kijivu wanaonyang'anyana makombo katika soko la Mwembe Tayari si wenyeji. Asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, na mwaka 1947 walionekana Mombasa. Takataka walikula, lakini walikula pia mayai na makinda ya ndege wengine na vifaranga vya kuku. Naye aliletwa kwa kazi njema, na hapana aliyeuliza atazuiwaje kazi ikiisha.

MASHAURI KWA WAKULIMA NA WAFUGAJI

Nchi nyingi za pwani bado hazijavamiwa, na katika hizo mtu mmoja mwenye jembe aweza kufanya kazi ambayo miaka kumi baadaye haitawezekana kwa matingatinga. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo mashauri yafuatayo yafaa yashikwe.

Mche mdogo ung'olewe mara uonekanapo, hasa baada ya mvua ardhi ikiwa laini, na mzizi utoke wote. Mti uliokwisha kukua usikatwe juu ya ardhi tu. Hapana budi ufukuliwe na kukatwa chini ya udongo, kiasi cha sentimita 10 mpaka 30, mahali ambapo hauwezi kuchipua tena. Mahali palipong'olewa pasiachwe patupu, bali papandwe nyasi au mazao mara moja, kwa kuwa mbegu zilizolala ardhini zinangoja nafasi hiyo. Na mwenye shamba arudi kupatazama kila majira ya mvua kwa miaka kadhaa bila kuchoka.

Maganda yasipewe mifugo mazima. Yakaushwe na kusagwa, ili mbegu zivunjike na meno ya wanyama yapone. Mfugaji anunuaye wanyama kutoka nchi yenye mathenge awafungie bomani yapata juma moja kabla ya kuwaachia malishoni, na samadi yao itazamwe. Kitakachoota bomani ni rahisi kung'olewa kuliko kitakachoota porini. Wenye malori na mabasi wapakiao mifugo au maganda nao wasimwage ovyo takataka za magari yao kando ya mito.

Jambo la mwisho lawahusu wale wenye madaraka ya kuamua: wazee wa vijiji, wakuu wa shule, makarani wa ushirika, na maafisa wa kilimo na misitu. Kila mwaka huja mtu na mbegu mpya mkononi na sifa zake mdomoni: yakua upesi, haihitaji maji, mifugo huipenda, wadudu hawaiwezi. Sifa hizo zaweza kuwa za kweli zote, kama zilivyokuwa za kweli juu ya mathenge. Lakini zitazamwe tena kwa jicho la pili. Mti ukuao upesi pasipo maji utazuiwa na nini? Mti usioliwa na mdudu ye yote utapunguzwa na nani? Mbegu ipendwayo na mifugo itafika wapi kabla ya mwisho wa mwaka? Aletaye mbegu na aulizwe maswali hayo mbele ya watu, na majibu yake yaandikwe. Apandaye kwanza apande kidogo, mahali penye ua, angoje miaka kadhaa, aone tabia yake. Akishindwa kueleza namna mti wake utakavyoondolewa siku utakapokataa kukaa mahali pake, basi mbegu zibaki katika mfuko.